Bunduki ya Ayala: Jinsi Wakulima wa Marekani Wachaguavyo Silaha ya Kuwindia

Wasomaji wetu wengi wanaijua taabu ya kulima mahindi kando ya msitu. Mtu hulima, hupanda, hupalilia, hutia mbolea, na siku mahindi yaanzapo kutoa ndevu huamka asubuhi akakuta mistari mitatu imeliwa. Hapa kwetu mwizi huyo huwa ni nyani, au nguruwe-mwitu, au kulungu, na mahali pengine tembo. Huko Marekani, katika majimbo ya mahindi na soya kama Wisconsin, Iowa na Ohio, mwizi mkubwa ni mnyama aitwaye ayala wa mkia mweupe.

Jina hilo la ayala wengi wenu mmelisoma katika Zaburi. Afrika ya kusini ya jangwa la Sahara haina ayala wa asili hata mmoja. Kulungu wetu na paa wetu ni wa ukoo mwingine. Tofauti iliyo rahisi kuiona ni pembe. Pembe za kulungu hukaa kichwani maisha yake yote, lakini za ayala dume zina matawi kama mti, nazo huanguka kila mwaka wakati wa baridi na kuota upya. Dume mzima wa nchi za kaskazini aweza kupita kilo 100. Mchana hulala kichakani, na jua likitua hutoka kwenda shambani.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Kwa hiyo makala haya hayamwambii mtu akanunue bunduki. Twataka kueleza jinsi wakulima wenzetu wa nchi ya mbali wanavyochagua chombo cha kazi ambayo kwao ni halali, tena ina hatari. Kwa maana chombo kibaya hapo huleta hasara kubwa kuliko mahindi yaliyoliwa. Mnyama huenda na jeraha akafa polepole porini, au risasi hupita ikamfikia mtu.

Kwanza habari kidogo za mnyama mwenyewe na sheria zake. Yapata mwaka 1900 ilikadiriwa kwamba ayala wa mkia mweupe waliobaki katika Marekani yote hawakuzidi laki tano. Walikuwa wamewindwa kwa biashara, nyama na ngozi zikapelekwa mjini kuuzwa kama magunia ya viazi. Mwaka huo huo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya Lacey, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Majimbo yakaweka leseni na misimu, na mengine yakafunga uwindaji kabisa kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman na Robertson. Kwa sheria hiyo kodi ya asilimia 11 hutozwa watengenezaji wa bunduki ndefu na risasi, nao huiongeza katika bei ya dukani. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kazi ya kutunza wanyama wa porini. Hivyo mtu anunuapo bunduki huko amekwisha kulipia sehemu ya matunzo ya mnyama atakayemwinda. Leo ayala hao hukadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Mbwa-mwitu waliokuwa wakiwala walikwisha katika sehemu nyingi, na mashamba ya mahindi yameongezeka, basi wao nao wameongezeka hata kuwa taabu.

SHAMBA HUCHAGUA BUNDUKI

Ukienda kwa mwindaji mzee wa Wisconsin ukamwomba shauri juu ya bunduki, huanza kwa kukuuliza habari za shamba. Je, kuna miti mingi? Ukisimama pale unaona umbali gani? Nyumba ya jirani iko wapi? Ni kama mtu amwendeaye Bwana Mifugo kuuliza ng'ombe gani anunue. Mwenye majani mengi na maji tele ataambiwa Friesian, na mwenye shamba dogo ataambiwa Jersey, na hakuna atakayesema kwamba mmoja ni bora kwa watu wote.

Tuseme kwanza shamba lina msitu mnene, ambapo mtu haoni zaidi ya yadi 80 mbele yake. (Yadi ni pungufu kidogo ya mita.) Huko bunduki ipendwayo tangu zamani ni ile ya wenzo, na mashuhuri kupita zote ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na fundi John Browning. Chini ya mtambo pana kishikio cha chuma kama pete ndefu. Mpigaji hukisukuma chini kwa vidole, ganda tupu likatoka. Akikirudisha juu, risasi mpya imeingia. Ni nyepesi, kilo 3 tu hivi, fupi, na bapa ubavuni, hata mtu aweza kuichukua siku nzima kichakani bila kuchoka. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Kiwanda chake cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na zinazouzwa mpya siku hizi hutengenezwa Japani, lakini za zamani zingali zikifanya kazi. Nyingi zilitoka kwa babu zikaja kwa mjukuu.

Risasi yake ijulikanayo zaidi huitwa .30-30, nayo ilianza kuuzwa mwaka 1895. Namba hizi huwachanganya wageni, basi tuzieleze. Ile .30 ya kwanza ni upana wa risasi, yaani sehemu 30 katika 100 za inchi. Ile 30 ya pili ilikuwa kipimo cha baruti iliyotiwa ndani. Lakini usidhani kila jina hufuata kanuni hiyo: katika risasi iitwayo .30-06, hiyo 06 ni mwaka 1906 ambao jeshi la Marekani liliikubali. Wafanyabiashara wa silaha hawakukaa baraza moja kupanga majina.

Bunduki hii ya wenzo ina jambo moja ambalo mnunuzi hana budi kulijua. Risasi zake hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, zikifuatana moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile. Ikiwa ncha ni kali na ngumu, teke la bunduki laweza kuifanya igonge fataki ya risasi iliyo mbele, nayo ikalipuka ndani ya bomba. Kwa ajili hiyo risasi za .30-30 zilitengenezwa na ncha butu. Ncha butu hukamatwa na upepo mapema, na hivyo nguvu ya risasi hupungua upesi; wawindaji wengi husema yadi 150 ndiyo mwisho wake. Katika miaka ya 2000 zilitokea risasi zenye ncha kali ya mpira laini, ambazo haziwezi kulipua mwenzake, nazo zimeongeza umbali kidogo.

Sasa tuseme shamba ni la wazi, mahindi yamekwisha kuvunwa, na mnyama huonekana akivuka bonde yadi 200 mbali. Hapo bunduki ya wenzo si chombo chake. Wengi huchukua bunduki ya komeo, yaani ile ambayo mpigaji huinua kipini ubavuni, akakivuta nyuma na kukisukuma mbele, kama mtu afungaye komeo la mlango. Asili ya nyingi za namna hii ni Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898. Askari wa Marekani waliizoea bunduki ya komeo katika Vita Kuu ya Kwanza, na waliporudi nyumbani hawakutaka nyingine ya kuwindia. Winchester ilitoa yake, iitwayo Model 70, mwaka 1936. Remington ilitoa Model 700 mwaka 1962. Ina sehemu chache ziendazo, husafishwa kwa urahisi, na hufunga imara hata risasi zikafuatana karibu tundu moja.

Risasi za bunduki za komeo ni nyingi mno, na mtu akisoma matangazo yake yote ataumwa kichwa. Lakini zinazomwua ayala kila mwaka ni chache. Ile .30-06 tumekwisha kuitaja. Risasi yake ya gramu 10 hivi hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 880 kila nukta moja, wakati ile ya.30-30 hutoka kwa mita 730 hivi. Iko .308, ya mwaka 1952, ambayo ni fupi kidogo na nguvu zake zakaribia kuwa sawa na .30-06. Iko .270 ya mwaka 1925, ambayo mwandishi Jack O'Connor aliisifu kwa miaka mingi katika gazeti la Outdoor Life hata ikawa mashuhuri kila jimbo. Iko .243 ya mwaka 1955, ndogo na pole. Na tangu mwaka 2007 iko 6.5 Creedmoor, ambayo vijana wa sasa huipenda sana.

Hapa pana habari ya kwetu. Theodore Roosevelt alipotoka katika urais wa Marekani alifunga safari ya kuwinda, akashuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909. Bunduki mojawapo aliyokuja nayo ilikuwa Springfield ya jeshi iliyorekebishwa kwa uwindaji, ya risasi hiyo hiyo ya .30, akaitumia kwa wanyama wa tambarare. Kwa simba alipenda Winchester nzito zaidi, ya .405, na kwa tembo na kifaru alikuwa na bunduki kubwa ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Yaani hata tajiri kama yeye, aliyeweza kununua chochote, aliona kwamba kila kazi ina chombo chake.

MAHALI PALIPO NA WATU

Shamba la tatu ni tambarare, nyumba zimetapakaa, barabara inapita katikati, na shule iko ng'ambo. Wakulima wa skimu mtaelewa jambo hili upesi, kwa kuwa mashamba yenu nayo hupakana. Risasi ya .30-06 iliyopigwa juu yaweza kwenda zaidi ya kilomita 4 kabla ya kuanguka. Katika nchi ya milima udongo huipokea, bali katika tambarare hakuna kitu cha kuizuia.

Kwa sababu hiyo jimbo la Ohio halikuruhusu bunduki hizi kwa ayala. Wengi walitumia bunduki ya marisau iliyotiwa donge moja kubwa la risasi, ambalo huanguka karibu, au gobori, au upinde. Taabu ya bunduki ya donge ni kwamba hupiga bega kwa nguvu sana, na shabaha yake si nzuri. Mwaka 2014 Ohio iliruhusu bunduki za risasi ambazo ganda lake limenyooka toka chini hata juu bila kubanwa shingoni. Risasi za namna hiyo huchukua baruti kiasi na hazifiki mbali kama zile nyingine. Watengenezaji nao hawakulala: mwaka 2019 Winchester ilitoa risasi mpya iitwayo .350 Legend kwa ajili ya majimbo yenye sheria kama hiyo. Ina teke dogo, na kwa yadi 150 humwangusha ayala bila shaka. Kwa mkulima wa Ohio, basi, mlango wa kwanza wa uchaguzi ni kitabu cha sheria, na duka hufuata baadaye.

BUNDUKI NA MWILI WA MTU

Tukiisha kujua shamba, tuje kwa mtu mwenyewe. Katika jambo hili ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa hutazama nguvu tu.

Bunduki yenye nguvu nyingi hupiga bega. Mtu akiisha kupigwa mara tano au sita, mwili wake hujifunza. Mara ya saba, kabla hajavuta mtambo, macho yatafumba na bega litaruka mbele lenyewe. Yeye mwenyewe hana habari. Husema bunduki ina kasoro. Risasi badala ya kupata moyo na mapafu huingia tumboni, au huvunja mguu, na mnyama hukimbia. Bunduki ya .243 hupiga bega karibu nusu tu ya .30-06, na kwa sababu hiyo wengi humpa kijana au mwanamke aanzaye. Lakini twaona kwamba hata mwanamume mwenye mabega mapana angefaa kuitazama. Sehemu ya ayala iuayo upesi, nyuma ya mguu wa mbele, ina upana wa inchi 8 hivi tu, na risasi ndogo iliyofika pale huua kuliko kubwa iliyokosea. Ziko bunduki kubwa zaidi ziitwazo magnum, na vijana huzinunua ili wasifiwe. Kwa ayala hazina kazi.

Kipimo cha urefu nacho hakidanganyi. Kunja mkono wako kiwikoni, weka kitako cha bunduki ndani ya kiwiko, na kidole cha shahada kifike vizuri penye mtambo. Kikipita sana, kitako ni kifupi. Kisipofika, ni kirefu. Mwenye akili hujipima akiwa amevaa koti lake la baridi, maana msimu wa ayala ni mwezi wa Novemba, theluji huweza kuanguka, na koti nene huongeza inchi nzima penye bega. Wengi hununua bunduki mwezi wa Julai wakiwa na shati, kisha msimu ukifika kitako hunasa kwapani wakati mnyama amesimama mbele.

Inua bunduki begani ukiwa umefumba macho, kisha yafumbue. Ikiwa unaona vilengeo vimenyooka bila kusogeza kichwa, bunduki hiyo inakufaa. Ikiwa huna budi kunyosha shingo kama kuku, irudishe kwa mwenye duka hata kama ni nzuri ya kutazamwa. Angalia pia kufuli ya usalama iko wapi, na kama kidole chenye mfuko wa mkono chaweza kuisogeza bila kelele.

Juu ya vilengeo watu hubishana. Vilengeo vya chuma havivunjiki wala haviingii ukungu, tena katika kichaka ni vyepesi. Bali macho ya mtu apitaye miaka 45 hayawezi kuona kilengeo cha karibu na mnyama wa mbali kwa pamoja. Huyo afadhali darubini. Darubini ya kukuza mara 4 yatosha kabisa. Ikikuza sana, mtu huona manyoya tu asijue ni bega au ni nyonga. Nayo husaidia jioni, saa ambayo ayala hutoka. Walakini pana katazo moja ambalo walimu wa uwindaji hulirudia kila siku: usitumie darubini ya bunduki kutazama kitu usichokijua. Maana huyo utazamaye huenda akawa jirani yako amekwenda kutafuta ndama, nawe umemwelekezea mtutu kifuani. Kwa kutazama, chukua darubini ya mkono.

KUIPIMA BUNDUKI

Bunduki mpya, hata ya bei kubwa, haijui kupiga mahali unapotaka mpaka imepimwa. Mwenye nayo huketi mezani, huilaza juu ya mifuko ya mchanga, na kupiga risasi tatu kwenye karatasi iliyo yadi 100. Hatazami kama zimepata katikati. Hutazama kama zimekaa pamoja. Zikikaa pamoja, hata pembeni, bunduki ni nzuri, na yeye huzungusha misumari ya darubini mpaka zihamie katikati. Zikitawanyika, hujaribu risasi za kiwanda kingine, maana bunduki mbili za namba moja, zilizotoka siku moja, hupenda risasi tofauti. Sababu yake hata mafundi hubishana.

Baada ya hapo huondoka mezani. Huchukua sahani ya karatasi, upana wa inchi 8, huiweka yadi 50, naye hupiga akiwa amesimama, kisha amepiga goti, kisha ameketi. Huirudisha nyuma kidogo kidogo. Pale anapoanza kuikosa, hata mara moja katika tano, ndipo mpaka wake ulipo. Mtu aliye na bunduki ya yadi 300 huweza kugundua kwamba yeye mwenyewe ni wa yadi 90. Ni heri alijue hilo mbele ya sahani.

Kwa maana mnyama akiisha kupigwa kazi haijaisha. Mwindaji hungoja nusu saa kabla ya kufuata. Kisha hutazama damu juu ya majani. Damu nyekundu ya kung'aa, yenye mapovu, ni ya mapafu, na ayala hulala karibu. Damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa, yenye harufu mbaya, ni ya tumbo. Huyo huachwa saa nyingi, maana akifuatwa mapema huinuka na kwenda mbali asipatikane tena. Wawindaji wazee huona haya kuacha mnyama wa namna hii, na wengine hutembea usiku kucha na taa wakimtafuta. Bunduki wanayoiita kipenzi, wakiulizwa, mara nyingi ni ile ambayo haikuwapa usiku wa namna hiyo.

Katika Wisconsin msimu mkubwa wa bunduki ni siku tisa, ukianza Jumamosi iliyo kabla ya sikukuu yao ya shukrani mwezi wa Novemba, nao hununua leseni zaidi ya laki tano. Watu wengi hivyo porini kwa siku chache ni hatari. Sheria huwataka wavae nguo ya rangi kali ya machungwa au ya waridi. Ayala haioni rangi hiyo kama sisi, lakini mtu huiona toka mbali. Na kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973 hana budi kumaliza mafunzo ya usalama kabla ya kupewa leseni. Huko hufundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, kutoelekeza mtutu kwa kitu usichotaka kukiua, kutoweka kidole penye mtambo kabla ya wakati, na kujua kilichoko nyuma ya mnyama kabla ya kupiga. Apandaye mtini kungoja mnyama hupanda kwanza mikono mitupu, kisha huivuta bunduki kwa kamba ikiwa haina risasi.

NYAMA

Ayala wa kilo 70 hutoa nyama tupu ya kilo 25 hadi 30, na kwa jamaa nyingi ndiyo kitoweo cha majira ya baridi. Kwa kawaida sheria haziruhusu kuiuza. Lakini uchaguzi wa risasi huingia hata jikoni. Risasi ya timazi ipigapo mfupa hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, navyo hukaa nyamani. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliwaambia walioigawa nyama hiyo kwa maskini waiondoe, baada ya vipande hivyo kuonekana kwa mashine ya picha za ndani. Timazi ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Sasa wengi hutumia risasi za shaba tupu, na California imeamuru risasi zisizo na timazi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Ni ghali zaidi, na nyepesi kwa ukubwa ule ule, hivyo bunduki lazima ipimwe upya.

Tena uko ugonjwa wa kukonda wa ayala, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na kuonekana Wisconsin mwaka 2002. Huharibu ubongo, hauna dawa wala chanjo. Haujajulikana kumwambukiza binadamu, lakini wakuu wa afya hushauri nyama ipimwe mahali ulipo ugonjwa, na isiliwe ikionekana kuwa nao.

FIDIA YA MAZAO

Wasomaji watauliza: na mkulima aliyeliwa mahindi, je? Wisconsin ina mpango wa kulipa sehemu ya hasara ya mazao yaliyoharibiwa na ayala, na fedha zake hutoka katika ada ya wawindaji wenyewe. Mpimaji huja shambani kuhesabu. Lakini mkulima atakaye kulipwa hana budi kuwaruhusu wawindaji waingie shambani kwake wakati wa msimu. Wengine hukataa, kwa kuogopa watu wasiowajua wenye bunduki, na hao hawalipwi. Pale ambapo hasara ni kubwa, majimbo mengi hutoa kibali cha kupunguza ayala hata nje ya msimu.

Kwa Kenya mambo ni tofauti, na yafaa yajulikane wazi. Mwenye shamba haruhusiwi kuwinda kulungu wala paa, ijapokuwa ameingia katika mahindi yake, wala kutega mitego ya waya, wala kununua nyama ya porini. Hata bunduki yenyewe haiwekwi nyumbani bila cheti cha Serikali. Wanyama wa porini wako chini ya sheria ya mwaka 2013, na kazi ya kuwazuia ni ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS. Mazao yakiharibiwa, mwenye shamba apeleke habari upesi katika ofisi ya KWS iliyo karibu au kwa chifu wake. Asilime wala asisafishe mahali hapo kabla hapajatazamwa. Nyayo na mabua yaliyovunjika ndiyo ushahidi wa mnyama aliyepita, na akiwa na simu apige picha asubuhi hiyo hiyo kabla ya mvua kunyesha.